Nyuso Katika Kopo la Majani

Mimi sifungui pakiti ya majani ya chai. Nyumbani kwangu jambo hilo linajulikana, na hata wake za wanangu wamelizoea, ingawa najua wakiwa peke yao jikoni husema mama mkwe ana vituko. Anayenifungulia ni mjukuu wangu Shiru, na akishafungua ni sharti amimine majani yote koponi, afunike, ndipo mimi niingie. "Shosho, kwani majani yalikukosea nini?" huniuliza. Hucheka, nami hucheka. Lakini ile harufu kavu, ya vumbi tamu na karatasi mpya, ikinipata tu, basi mimi siko tena Nakuru. Niko ukingoni mwa josho la ng'ombe, ukungu wa msitu wa Mau umetufunika, na mkononi mwangu kuna mtu mdogo wa karatasi aliyefumba macho.

Shiru sijawahi kumwambia. Ninyi nitawaambia, kwa sababu nimevuka themanini na jambo lenyewe limenichosha kulibeba peke yangu.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu mmoja juu ya Elburgon, pale mashamba yanapoishia na msitu unapoanza. Kule baridi si mchezo. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mitini ukakaa shambani kama mgeni asiye na haraka, na ungeweza kumsikia mtu akikohoa hatua tano mbele yako usimwone. Mama alikuwa yaya kwenye nyumba kubwa. Kaka yangu Kariuki, aliyekuwa na miaka kumi na tisa hivi, alifanya kazi kwenye ghala la kukaushia pareto, na jioni alirudi akinuka maua na moshi. Baba alikuwa amekufa. Alirudi kutoka vita vya Hitla na koti na kikohozi. Kikohozi kikamchukua, koti likabaki.

Koti lile nataka mlijue. Lilikuwa zito, la kijeshi, vifungo vya shaba, na lilinifika mimi hadi kwenye vidole vya miguu. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Usiku Mama alitufunika nalo, mimi na yeye. Kariuki hakulivaa kazini hata kukiganda, asije akalichafua kwa maji ya pareto. "Koti la Baba ni la safari, Wambui," alikuwa akisema. "Siku nikienda mahali, mtaniona nimelivaa."

Na alikuwa ameniahidi mahali penyewe. Angenipeleka Nakuru, anibebe mabegani, nione ziwa na heroe wake, maelfu kwa maelfu, ziwa limekuwa jekundu kama nguo iliyoanikwa. Nilikuwa nikiota ndege hao. Sikuwa nimewaona hata kwenye picha, isipokuwa moja, na hiyo haikuwa yangu.

Ilikuwa ya Barasa.

Barasa alikuwa mtoto wa karani wa shamba. Walitoka magharibi, kwao mbali, na walikaa kwenye nyumba ya mabati karibu na ofisi. Alikuwa mkubwa wangu kwa mwaka mmoja na alikuwa na maneno huyo! Angeweza kuzungumza na nguzo ya ua mpaka nguzo ichoke. Mimi na yeye tulikuwa watoto wawili pekee shambani tuliokusanya kadi. Kila pakiti ya majani ya chai ya kizungu ilikuwa na kadi ndani, picha ya ndege upande mmoja na maneno upande wa pili. Mama aliniletea zangu kutoka jikoni kwa memsahibu, zikiwa bado na vumbi la majani. Barasa alipata zake kwa baba yake. Ndege wote walikuwa thelathini. Nilikuwa nao ishirini na tisa, nimewaweka kwenye kopo la majani lililotupwa kule nyumba kubwa: tai, bundi, kwarara na mwenzake wa ziada, hondohondo mwenye pua kama ya nyapara wetu. Niliyemkosa alikuwa heroe. Barasa alikuwa naye, alijua ninamtaka, na kwa hiyo hakumtoa.

Tulibadilishana pale josho, kwenye ukingo wa saruji, siku ambazo ng'ombe hawaogeshwi. Tulikuwa na sheria. Unaiweka kadi yako kifudifudi, mwenzako anaweka yake, kila mmoja anabonyeza gumba juu ya kadi ya mwenziwe na kusema, "Imelala." Ukishasema hivyo hakuna kurudi nyuma, hata ulie machozi ya damu. Kadi ikilala haifufuki. Barasa ndiye aliyeitunga sheria hiyo, siku aliyonipokonya chiriku kwa ujanja.

Ndipo ukaja ule wakati mbaya wa hali ya hatari, serikali ikiwawinda wapiganaji msituni. Watu wazima walianza kuzungumza kwa sauti ya chini na kunyamaza tukiingia. Ikatangazwa kwamba kila mwanamume wa Kikuyu shambani lazima awe na kadi yenye picha yake, na asiye nayo hatakaa. Sisi watoto tulifurahi, wajinga wa Mungu. Hata wakubwa wanapata kadi!

Mpiga picha alikuja na shuka jeupe, akalitundika kwenye ukuta wa ghala la pareto. Wanaume wakapanga foleni. Kila mmoja alisimama mbele ya shuka akishika ubao mweusi kifuani wenye namba ya chaki. Jirani yetu Cucu Nyokabi, bibi kizee aliyekuwa haogopi mtu, alisimama kando akiwatazama, mikono kiunoni. Akasema, "Kivuli cha mtu kikishikwa, mwenyewe hufuata."

"Sawa tu, Cucu," Kariuki akamjibu kutoka kwenye foleni. "Kivuli changu kiende kikachume pareto, mimi nibaki nimelala."

Watu wakacheka. Cucu hakucheka. Mimi maneno yake yaliniingia yakakaa.

Haukupita mwezi, Barasa akaniita josho. Nilimkuta amekaa kimya, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Hakuniamkia. Aliweka kitu kifudifudi kwenye saruji, kidogo kuliko kadi zetu, akaninyooshea kidole nitoe changu. Nikatoa kwarara wa pili, maana nilikuwa naye wa ziada. Tukabonyeza. "Imelala," nikasema. Barasa alisogeza midomo tu.

Nilipogeuza, nilikuwa nimeshika uso wa Mzee Gathogo, mkamua ng'ombe. Alikuwa kapepesa macho wakati wa kupigwa picha, kwa hiyo yalikuwa yamefumba, na shuka jeupe nyuma yake lilimfanya aonekane kama mtu aliyelazwa. Sikuipenda picha ile. Lakini ilikuwa kadi ya namna mpya, na mkusanyaji ni mkusanyaji. Nikaitia koponi pamoja na ndege.

Asubuhi yake kiligongwa kile kipande cha reli cha kuwaita watu kazini, na watu walipokusanyika, lori la serikali likatokea kwenye ukungu. Hatukulisikia likija. Majina yakasomwa. Mzee Gathogo akapandishwa pamoja na mkewe, kuku wao wawili na godoro. Nilipita mbele ya nyumba yao saa nne. Moto ulikuwa bado unafuka. Mbwa wao alikuwa amekaa mlangoni akitazama ndani, akitingisha mkia polepole, kama mbwa anavyomtingishia mtu anayemwona. Ndani hamkuwa na mtu. Nilihakikisha.

Nilikimbia nyumbani nikafungua kopo. Mzee Gathogo alikuwa mle, macho amefumba.

Siku tatu baadaye Barasa akaniletea Njoroge, mwendesha mkokoteni wa ng'ombe. Kesho yake Njoroge akaenda. Kisha ndugu wawili waliokuwa wakipasua kuni. Uso unakuja kwangu jioni, asubuhi lori. Mtanisamehe, nilikuwa na miaka tisa, na maneno ya Cucu Nyokabi yalikuwa yameshaota mizizi. Nilijua kinachotokea. Barasa alikuwa anashika vivuli, mimi navitia koponi, na wenyewe wanafuata.

Mbona basi sikuacha? Nilijaribu. Alipoleta uso wa Mzee Kamau, seremala, nilikataa. Nikamwambia sitaki, nikaweka mikono mgongoni. Barasa alinitazama vibaya, kama mtu anayetaka kulia, akairudisha mfukoni. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi sikusikia lori, na Mzee Kamau nilimwona na randa yake akikwangua mlango wa zizi, akipiga mluzi. Siku ya pili pia. Nikasema kumbe dawa ni hii, ni kukataa. Siku ya tatu jua likatoka, barabara ikakauka, na jioni Barasa akanifuata hadi kisimani akaniminyia ile picha kiganjani kwa nguvu, akakimbia. Asubuhi Mzee Kamau akapandishwa lori. Randa ilibaki juu ya mlango ikiwa na ukunjo wa mbao mdomoni.

Baada ya hapo niliogopa kopo langu mwenyewe. Nilikuwa nikiliweka nje chini ya tangi la maji, lakini asubuhi lazima nilifungue, niwaamkie mmoja mmoja kwa jina, mzee kwanza, wasije wakaona nimewakosea adabu. Nilimlaza Gathogo chini kabisa, na bado nikifungua nilimkuta juu. Leo najua ni kwa sababu nililitikisa nikikimbia. Siku zile nilijua sababu nyingine. Nyumba zilizidi kuwa tupu, magugu yakaanza kuingia milangoni, na kwenye ukungu nilisikia watu wakikohoa mahali ambapo hapakuwa tena na wa kukohoa. Nyuso zikafika kumi na moja.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi yetu ile ya kuuma mifupa. Barasa aliningoja josho. Hakuwa na kofia wala viatu, na midomo yake ilikuwa imebabuka. Aliweka picha kwenye saruji, safari hii si kifudifudi. Aliiweka wazi.

Kariuki.

Niliitazama kwa muda wa kumtambua tu. Nikageuza macho haraka, kama unavyoondoa mkono kwenye sufuria ya moto. Barasa akaisukuma kuelekea kwangu. Nikatikisa kichwa. Akaisukuma tena. Ndipo akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa heroe, yule heroe, mwekundu, mguu mmoja juu, akamweka juu ya picha ya kaka yangu. Akanionyesha mikono yake mitupu. Hakutaka kitu. Nichukue vyote viwili bure.

"Barasa, nini?" nikamwuliza. "Sema!"

Alifungua mdomo. Nawaapia, aliufungua kabisa, kisha akatazama upande wa ofisi ya baba yake, akaufunga.

Nami niliwaza, kwa akili yangu yote ya miaka tisa. Nikaona mtego. Anajua ninampenda heroe, anamtumia kunitegea uso wa Kariuki. Nikikubali uso, kesho lori. Nikikataa uso, Kariuki anabaki kama Mzee Kamau alivyobaki. Nikawa mjanja kuliko yeye. Nikamchomoa heroe taratibu, nikaacha ile picha pale, nikaigeuza kifudifudi kwa ncha ya kidole, nikaibonyeza juu ya saruji. "Imelala kwako," nikamwambia. "Mimi nimechukua ndege tu."

Barasa alianza kulia. Nikamwacha analia, nikaondoka nikijiona mshindi. Nimemwokoa kaka yangu na heroe nimempata! Usiku ule Kariuki alikula viazi vyake akanitania kwamba nimenenepa kwa furaha. Sikumwambia kitu. Niliona nikisema dawa itaharibika. Asubuhi alipotoka kwenda kazini bado nilikuwa nimelala chini ya koti la Baba, na sikumwona akitoka.

Reli iligongwa. Lori likaja.

Mama alisikia akiwa nyumba kubwa. Alikuja mbio, akaingia ndani, akanivuta lile koti mwilini, akatoka nalo. Nilimfuata miguu mitupu. Lori lilikuwa limeshashika njia ya kuelekea langoni, na Mama alikimbia nyuma yake ameliinua koti kwa mikono miwili, akiita, "Mwanangu ana shati tu! Jamani, ana shati tu!" Ukungu ukalimeza lori kwanza. Kisha ukammeza Mama, nikabaki nikisikia sauti peke yake. Aliporudi alikuwa bado analo. Alilitundika kwenye msumari, akalifunga vifungo vyote, akaenda kumwogesha mtoto wa memsahibu. Sisi tuliachwa kwa sababu ya huyo mtoto; alikuwa hakubali kubebwa na mtu mwingine.

Nilikimbia josho. Picha haikuwapo. Ng'ombe walikuwa wamepitishwa alfajiri na saruji yote ilikuwa matope na alama za kwato.

Miaka miwili baadaye mtu aliyekuwa naye katika kambi walikopelekwa na lori alitupitia. Kariuki alikuwa amekufa mwezi uleule wa saba, kwa kichomi. Walilala chini, na baridi ilikuwa nyingi. Alisema kaka alikuwa akisimulia sana habari za koti.

Nikakua nikijua kwamba nilimuua kwa tamaa ya ndege. Niliamini nilikosea sheria, kwamba kumchukua heroe kulikuwa sawa na kuchukua vyote. Niliolewa na siri hiyo, nikazaa nayo.

Barasa nilikutana naye tena tukiwa wazee, kwenye benchi la hospitali moja Nakuru, kila mmoja amekuja kupimwa presha. Yeye ndiye aliyenitambua. Alikuwa amerudi kwenye maneno yake mengi, lakini tulipofika josho akapunguza sauti, kama baba yake bado yuko ofisini.

Akanieleza. Picha zilikuwa mbili mbili kwa kila mtu. Baba yake alizibandika kwenye kadi za wale waliokubaliwa kubaki. Waliokataliwa, picha zao zilitupwa kwenye kikapu jioni, zichomwe, na majina yao yakaandikwa kwa lori la kesho. Barasa alikuwa ndiye wa kuchoma. Baba yake alimshikisha Biblia akaapa kwamba hatamwambia mtu yeyote hata neno moja la ofisini, la sivyo wote wangefukuzwa.

"Sikusema neno," akaniambia. "Nilikuletea wewe. Kila mmoja nilikuletea, siku moja kabla. Mpaka Kamau, barabara ilipokuwa matope, nikasema amepata siku mbili, Wambui atamwambia. Haki ya Mungu, nilikuwa nakuambia kila siku." Akanitazama, macho yake mekundu ya uzee. "Kwa nini hukuwaambia?"

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa kiza, na walisema kweli, ila hawakusema kiza kinafanyaje taa inapowashwa baada ya miaka hamsini. Sisemi Kariuki angetoroka. Angetorokea wapi, msitu wote umezungukwa? Lakini jioni ile angejua kuna safari. Angenyoosha mkono nyuma ya mlango.

Nilimwambia Barasa sikuelewa. Akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka nesi akaniita jina.

Kopo ninalo bado. Habari zake zilienea zenyewe, sijui nani alisema, na watu wakaanza kuja. Walitoka Molo, wakatoka Kuresoi, mmoja alitoka mbali Laikipia. Mwenye mvi kama mimi anakaa kwenye kiti changu, anasema, "Mama, nasikia baba yangu uko naye." Nami humpa. Wengi wao hawakuwa na picha nyingine. Binti ya Gathogo aliibusu ile picha yenye macho yaliyofumba akasema, "Kumbe nina paji lake." Zote kumi na moja zimekwenda kwao. Ndege wengine walipotea zamani; amebaki heroe, peke yake, rangi imepauka.

Shiru husema nina kumbukumbu ya kutisha, na ni kweli. Nikifumba macho namwona Gathogo, namwona Njoroge na jino lake lililovunjika, namwona Kamau na chembe ya mbao kwenye nyusi. Naweza kuwachora wote kumi na mmoja. Kariuki nikimtafuta, linakuja koti msumarini, vifungo vyote vimefungwa, na juu ya ukosi hakuna mtu.